Tazama Pua Yangu

Kuna watu wanaopima damu, kuna wanaopima mkojo, na kuna wanaopima viuno vya watu. Kitinda alipima macho, lakini tulia kwanza, si kwa namna unayoidhani. Waliokuja kwake walikuwa wanaona vizuri tu. Shida yao ilikuwa kwamba walipepesuka. Walifika wameshikwa mikono na wake zao au watoto wao, ndugu wameshawaita walevi, majirani wameshasema wamerogwa. Kitinda aliwakalisha kwenye kiti, akawashika kichwa kwa mikono miwili, akawaambia neno lake lile lile: "Tazama pua yangu. Usiiache." Kisha akakigeuza kichwa ghafla, kushoto au kulia, kidogo tu, mgonjwa asijue ni upande gani. Macho yakibaki puani, sikio ni zima. Macho yakichukuliwa na kichwa halafu yakaruka kurudi, kama mtoto aliyekumbuka njiani kwamba ametumwa, basi huko ndani kuna jambo.

Ukitaka kujua siri yenyewe, huhitaji kwenda hospitali. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, kikazie macho, halafu tikisa kichwa haraka haraka kama mtu anayekataa posa. Kidole kimetulia tuli, unaona ukucha wake na uchafu uliomo. Sasa tuliza kichwa, ukitikise kidole kwa kasi ile ile. Kimekuwa ukungu, sivyo? Macho ni yale yale na kidole ni kile kile. Tofauti ni kwamba ndani ya sikio kuna vijifereji vitatu vyenye maji, na kichwa kinapogeuka maji yale huchelewa kidogo kufuata. Kule kuchelewa ndiko habari. Sikio hulipigia jicho kelele: kichwa kimekwenda kulia, wewe nenda kushoto, upesi! Na jicho huenda, kwa kipimo kile kile, kabla mwenyewe hujafikiri lolote. Ndiyo maana unaweza kutembea huku unasoma kibao cha duka. Mizani ya sikio ikifa, kila hatua unayopiga dunia inaruka nawe.

Kitinda aliipenda kazi hii kwa sababu moja: haina uongo. Mtu anaweza kujifanya kiziwi, anaweza kujifanya kilema, anaweza hata kujifanya maiti akiwa na shida ya kutosha. Lakini hajazaliwa binadamu wa kuyaamrisha macho yake pale kichwa kinapochukuliwa ghafla. "Mdomo una bwana wake," alizoea kusema mkuu wake wa kazi, "lakini jicho la namna hii halina bwana."

Mkuu huyo alikuwa daktari wa masikio, na kliniki nzima ilimwita Mzee wa Maji, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kuwamiminia watu sikioni maji ya baridi na ya vuguvugu, kuviamsha vile vijifereji, huku mgonjwa amevishwa miwani mikubwa yenye kamera inayochora kila mtikisiko wa jicho. Alikuwa na kanuni nyingi, na moja ilikuwa kubwa kuliko zote: hupimi wa kwako, wala hufungui faili la wa kwako. "Mkono wa ndugu hutetemeka," alisema, "na jicho la ndugu huona linachokitaka." Kitinda aliishika kanuni hiyo kama kiapo. Laiti angejua!

Sasa njoo nyumbani. Jina la Kitinda alipewa na dada yake, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka sita na Dada ishirini. Dada alikuwa ameshachumbiwa, lakini mchumba akasema hawezi kuoa mke anayekuja na mtoto mkononi. "Shauri yake," alisema Dada. Akaketi kwenye cherehani, na tangu siku hiyo hakuinuka. Alishona sare za shule, alishona mapazia, alishona magauni ya watu wasiokuwa na shukrani, na Kitinda akasoma.

Hata alipokuwa anasomea kazi hii ya vichwa, na hana mtu wa kufanyia mazoezi, Dada alimtolea kichwa chake mwenyewe. "Haya chukua, ila usikivunje, nina sare arobaini za kumaliza." Basi jioni zote za mwaka mzima Dada alikaa na sindano mkononi, akitazama pua ya mdogo wake, na mdogo wake akikirusha kichwa kushoto, kulia, kushoto, huku anakariri masomo kwa sauti. Dada aliyameza yale masomo kuliko baadhi ya wanafunzi. Alijua wagonjwa wanaumwa nini, wanalia nini, wanaogopa nini. Walicheka sana jioni zile.

Miezi minane kabla ya Jumatano ninayotaka kukusimulia, ilikuja barua. Chuo cha mbali, kinachochukua mtu mmoja tu, kilimpa Kitinda nafasi ya miaka mitatu ya kusomea masikio yenyewe, arudi akiwa si mshika vichwa wa mtu bali mtaalamu kamili. Kitinda alirukaruka sebuleni mpaka akaangusha kopo la vifungo. Dada alimkumbatia, akasema hongera mara tatu, akainama kuokota vifungo kimoja kimoja.

Wiki hiyo hiyo Dada akaugua figo. Akachomwa sindano siku kumi katika zahanati ya jirani, na homa iliposhuka, alipojaribu kusimama, kuta zilimzunguka akashika mlango. Kitinda alijua zipo sindano zinazoponya figo na kuua mizani ya sikio, na ikifa hiyo haifufuki.

"Nikitembea," Dada alimwambia kwa sauti ya chini, "dunia inarukaruka kama video iliyochukuliwa na mtu anayekimbia."

Kitinda alikwenda bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Kesho yake alimpeleka kliniki. Kwa ajili ya ile kanuni, alikaa kwenye benchi nje kama ndugu yeyote wa mgonjwa, akahesabu vigae vya sakafu, mpaka Mzee wa Maji alipotoka anatikisa kichwa. "Yote mawili," alisema. "Pole sana, binti yangu. Atahitaji mtu wa kuwa naye." Kitinda akarudi nyumbani, akaiweka ile barua chini ya kopo la sukari, akapiga simu chuoni akawaambia haendi.

Basi maisha yakawa hayo. Alfajiri alimchemshia Dada maji ya kuoga, akamshika mkono hadi bafuni, akamsubiri mlangoni. Alipika, alifua, alifagia, alikwenda kazini, alirudi mbio. Na kwa kuwa gizani watu wa namna hii huanguka, maana macho hayana pa kushika, alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kitanda cha Dada, ikapita ukutani, hadi mlango wa choo, usawa wa kiuno, Dada aishike usiku akiwa na haja. Misumari aliipigilia mwenyewe, akajiponda kidole. Majirani walimsifu. "Ndugu ni huyo!" walisema. Chuo nacho kilikuwa na utu: kilimwandikia kwamba kitamsubiri mpaka mhula mpya, na ajibu si zaidi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kitinda alishaandika jibu. Lilikuwa ndani ya mkoba wake, mistari minne ya shukrani na samahani, lilibaki kutumwa tu.

Jumatano ya wiki hiyo ya mwisho umeme ulikatika kliniki. Miwani ya kamera haifanyi kazi bila umeme, basi Mzee wa Maji akawarudisha wagonjwa, na Kitinda akafika nyumbani saa tisa mchana, wakati ambao hakuwahi kufika. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Alisikia kicheko, akasimama kizingitini, nyuma ya magauni yaliyotundikwa.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mbele yake amesimama mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili, mikono juu, anapimwa gauni. Tepu ilikuwa imemzunguka kiuno.

"Thelathini na nne," alisema mwalimu. "Andika thelathini na nne, ndicho kiuno changu siku zote."

"Siku zote za lini, mama? Za kabla ya watoto?"

"Jamani! Nimepungua, hebu angalia vizuri."

"Hapana, hapana, hapana, hapana," alisema Dada, akitikisa kichwa kwa nguvu, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka herini zikampiga mashavu, na macho yake yako kwenye tepu. Kichwa hakijatulia bado alipomaliza, "Thelathini na tisa na nusu. Na hapo umevuta tumbo. Tepu haidanganyi, mwalimu!"

Wote wawili wakaangua kicheko. Kitinda hakucheka. Alikuwa ameganda huku mkono umeshika pindo la gauni la mtu.

Maana kliniki wana kipimo cha namna hiyo hiyo. Wanatundika ubao wa herufi ukutani, wanamtikisa mgonjwa kichwa, wanamwambia asome. Mwenye mizani iliyokufa anapoteza mistari minne, mitano. Anasoma ile herufi kubwa ya juu, basi. Tepu ya Dada ilikuwa ya zamani, tarakimu zake ndogo kama chawa na nusu zake zimefifia. Kitinda mwenyewe huisoma kwa kuisogeza dirishani.

Na unajua jambo la kwanza lililomjia? Furaha! Amepona, alijiambia. Sijui kwa namna gani, vitabu vimekosea, Dada yangu amepona! Alitaka kuingia mbio amkumbatie. Lakini mwalimu alikuwa pale amelegeza zipu, basi Kitinda akarudi nyuma polepole hadi kwenye lango, asiwafedheheshe, akalifungua upya na kulibamiza, akakohoa.

Aliporudi mlangoni, Dada alikuwa amesimama. Mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa meza, mwingine unapapasa hewani. Alipiga hatua moja, akayumba.

"Polepole, Kitinda wangu," alisema. "Leo dunia imenikataa kabisa. Nishike."

Kitinda akamshika. Angefanya nini? Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miezi minane. Alimwongoza hadi kitandani, akamvua viatu, akamfunika miguu, na mwalimu wa chekechea akasema kwa huruma kwamba wadogo wa namna hii hawapatikani siku hizi. Dada alifumba macho. Kitinda alibaki amesimama, na macho yake yakatua kwenye kamba. Pale inapopindia kona, karibu na mlango wa choo, buibui alikuwa ametanda utando wake, kutoka kwenye kamba hadi ukutani, mzima, mnene, wenye vumbi la muda mrefu na vijibawa vya wadudu. Hakuna mkono uliopita pale. Tangu siku nyingi hakuna mkono uliopita pale.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Kitinda alikuwa amekulia kwenye nguo.

Usiku ule alilala macho. Ukitaka kujua kilichomuuma zaidi, hayakuwa maji ya kuoga wala kidole alichojiponda. Lilikuwa lile neno: kama video iliyochukuliwa na mtu anayekimbia. Lilikuwa lake! Alilitunga mwenyewe, miaka ile ya mazoezi, alipokuwa anatafuta namna rahisi ya kukumbuka somo, akalikariri mara mia huku amemshika Dada kichwa. Dada hakubuni hata ugonjwa. Aliuokota mdomoni mwa mdogo wake, akaukunja, akauweka kabatini, na siku ilipofika akauvaa.

Hata hivyo alibakiwa na tumaini moja. Mzee wa Maji alimpima. Mzee wa Maji hakosei. Labda ugonjwa huu una siku zake njema, labda, labda. Alhamisi asubuhi, kabla kliniki haijafunguliwa, Kitinda alifungua kabati la mafaili, akaivunja ile kanuni.

Kila mgonjwa wa Mzee wa Maji alikuwa na karatasi zisizopungua kumi: michoro ya maji baridi, michoro ya maji ya vuguvugu, sikio hili, sikio lile, michoro ya kichwa kilichorushwa. Faili la Dada lilikuwa na karatasi moja. Mwandiko wa Mzee ulisema: "Mizani ya masikio yote mawili imekufa. Hakuna tiba. Awe na msimamizi nyumbani." Nyuma ya karatasi hiyo hapakuwa na kitu.

"Umefungua," sauti ilisema nyuma yake. Mzee wa Maji alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Michoro iko wapi, Mzee?"

"Huenda imechanganyika na—"

"Mzee."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, mzito. Kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi, na hilo halikuwa jambo la siku ile; mikono yake ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma, na ndiyo maana Kitinda ndiye aliyekuwa anamimina maji siku hizi, anavisha miwani, anasoma michoro, naye Mzee anatia sahihi.

"Alinililia," alisema. "Hata hakutaka kuketi. Alisimama hapo hapo ulipo wewe, akasema, ukinipima utaona nimeanza kupona, na nikipona ataondoka. Nipe mwezi mmoja tu nizoee. Mwezi mmoja, binti yangu. Nikaona, mwezi mmoja una ubaya gani?"

"Na miezi saba iliyofuata?"

Mzee alitazama kikombe. "Nilitafuta mtu wa kushika nafasi yako, sikumpata wa kufaa. Mikono hii unaiona. Wewe ndiye mkono wangu wa kulia."

Maneno hayo hayo ndiyo aliyokuwa anamwambia mbele ya wageni, na Kitinda akivimba kichwa kwa fahari. Kumbe alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka na mtu mwenye sababu zake!

"Ulinifundisha kwamba jicho halina bwana," alisema.

"Na kweli halina."

"Ndiyo maana hukulipima."

Kitinda alitoa mfukoni ufunguo wa kabati la miwani, akauweka mezani kando ya chai, akaondoka bila kuaga. Mle kliniki alikuwa amefanya kazi miaka sita.

Nyumbani alimkuta Dada anapiga pasi, ameketi. Pasi ikateleza haraka mezani, na Dada akajishika kichwa kana kwamba amelewa ghafla. Loo! Mtu akishaujua uongo, kuuangalia unavyochezwa ni aibu, na aibu yenyewe humshika yule anayeangalia.

"Mbona mapema, Kitinda? Umefukuzwa nini?"

"Dada, zima pasi. Nataka kukushika kichwa."

Dada alitabasamu tabasamu la upande mmoja. "Si kanuni yenu inakataza?"

"Kanuni nimeiacha kazini."

"Kichwa chenyewe kinaniuma leo. Kesho."

"Kesho ni Ijumaa." Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti kama zamani. Akamshika kichwa kwa mikono miwili. Nywele za Dada zilikuwa na harufu ya pasi na uzi mpya. Mikono yake ilizijua zile kingo za mifupa nyuma ya masikio kuliko ilivyokijua kichwa chake mwenyewe. "Tazama pua yangu," alisema. "Usiiache."

Hapa nitasema jambo ambalo Kitinda hakumwambia mtu. Aliomba. Aliomba dada yake awe mgonjwa. Aliomba yale macho yateleze, yakimbie na kichwa halafu yaruke kurudi, hata mara moja, upande mmoja tu, ili yeye awe mpimaji mjinga na Dada awe Dada. Kisha akakirusha kichwa kulia.

Macho yalibaki puani. Akakirusha kushoto. Yalibaki. Kulia, kulia, kushoto, bila mpango, kama alivyofundishwa; akakirusha mara kumi, mara ishirini, na macho ya dada yake hayakubanduka hata unywele. Yalikaa pale kama kifungo kilichoshonwa na fundi anayejua kazi. Halafu yakaanza kujaa machozi, na hata yalipojaa hayakuiacha pua.

Kitinda akaondoa mikono.

"Tangu lini?"

"Siku zile za kwanza ilikuwa kweli," alisema Dada. "Naapa kwa kaburi la Mama. Nilisimama nikaona kuta zinazunguka, nikasema yamenipata. Siku ya kliniki nilishapata nafuu kidogo, nikamlilia Mzee. Halafu nikakusikia kwenye simu ukiwaambia huendi. Kitinda, usiku ule nililala usingizi ambao sijaulala tangu Mama atutoke. Wiki ya pili nikaamka, kichwa chepesi, niko mzima. Nikasema nitamwambia leo. Kila siku nilisema nitamwambia leo."

"Na kila siku uliniacha nikuchemshie maji ya kuoga."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikuvue viatu."

"Ndiyo."

"Nilikulilia, Dada! Nilifungulia maji bafuni usinisikie!"

"Nilikusikia," alisema Dada.

Kitinda alisimama. Alitaka kuvunja kitu, lakini kila kilichokuwamo mle ndani kilikuwa gauni la mtu. "Kama ulitaka nibaki, si ungeniambia nibaki? Neno moja tu. Ningebaki!"

"Ndivyo nilivyoogopa. Ungebaki kwa kunihurumia."

"Na hivi nilibaki kwa nini?"

Hasira za Dada nazo zikapanda, maana naye ni mtu. "Wewe unaondoka, na mimi ninabaki na nani? Na hii cherehani? Nilikuwa na miaka ishirini! Nilikuwa na mchumba! Nimekushonea kila nguo uliyovaa mpaka ukaajiriwa, sikukuomba hata asante. Nimeiba miezi minane. Wewe umechukua miaka ishirini na mbili."

"Sikuichukua. Ulinipa." Sauti ya Kitinda ilikuwa imetulia kuliko alivyotaka. "Ulinipa, nami nikaamini ni zawadi. Kumbe ulikuwa unaweka kamba."

Akaenda ukutani, akaishika ile kamba ya kuanikia nguo, akaivuta. Msumari mmoja ukang'oka na vumbi la chokaa, kisha wa pili, kisha wa tatu, na utando wa buibui ukaja pamoja nayo ukamgandia mkononi. Aliikunja vizuri, kwa kuwa hawezi kuacha kamba ovyo, akaiweka juu ya cherehani. Dada alikuwa analia kwa kwikwi, na Kitinda hakumsogelea. Zamani asingeweza kujizuia.

Ijumaa asubuhi aliichana ile barua iliyokuwa mkobani, akatuma nyingine yenye mstari mmoja: ninakuja.

Wiki tatu zilizobaki waliishi kama wapangaji. Salamu zilikuwepo, chakula kilikuwepo, lakini maneno yalikuwa ya kuhesabika. Dada sasa alitembea. Aliamka alfajiri akateka maji, akafagia uwanja, akaenda sokoni na kurudi, wima, mwepesi, na majirani wakashangilia kwamba amepona. Kitinda aliwaacha washangilie. Dada hakuthubutu kuitikia pongezi, alikuwa anaingia ndani haraka. Usiku cherehani haikulala, na Kitinda hakuuliza inashona nini.

Siku ya safari gari lilisimama barabarani, mbali kidogo na lango. Kitinda alipotoka chumbani hakuliona begi lake. Alitoka nje, akaona Dada anakwenda nalo mbele, amelitwika kichwani, begi zito la miaka mitatu, na hakulishika. Mikono yote miwili ilikuwa imebeba koti jipya alilolishona. Alipita kwenye mawe, akaruka mtaro, akapinda kona ya ukuta, na begi halikuyumba hata kidogo. Mtu ambaye kwa miezi minane hakuweza kubeba kikombe cha uji kutoka jikoni hadi sebuleni. Kitinda alimfuata nyuma, na kila hatua ya dada yake ilimchoma.

Kwenye gari Dada alilitua begi, akamkabidhi koti. Kisha akanyoosha mikono miwili, akamshika Kitinda kichwa, nyuma ya masikio, mahali pale pale.

"Nitazame," alisema. "Kitinda, nitazame tu."

Kitinda alijitoa mikononi mwake taratibu. "Kwaheri, Dada," alisema. Akaingia garini, akaketi dirishani na koti mapajani. Lilikuwa zuri sana, mshono wake hauonekani.

"Tayari?" aliuliza dereva.

"Twende."

Gari likaanza kusogea. Dada alibaki kando ya barabara, mikono bado ameinyoosha nusu, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakipo. Kitinda alikuwa anamtazama kwa kioo cha dirisha. Akasema basi, imetosha, akageuza kichwa mbele, upande wa barabara. Kichwa kilikwenda. Macho hayakwenda. Yalibaki nyuma, kwa kipimo kile kile, yameng'ang'ania uso wa dada yake, mpaka gari lilipopinda kona.

Ni sikio tu, alijiambia, ni vile vijifereji vitatu na maji yake. Hata yeye hakujiamini.